Mashahidi wa Kilwa

Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wote, wenzangu tuliopita katika madarasa haya, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa wazee tumechukua viti vyenu:

Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema mbele yenu leo. Kamati iliniomba nizungumze juu ya somo nililolifundisha mpaka nikastaafu, yaani historia. Katibu naye akaninong'oneza kwamba nisizidishe nusu saa, maana pilau haina subira. Nitajitahidi.

Nimechagua jambo moja tu: namna ya kuwahoji mashahidi wa historia. Ninaposema mashahidi, nakusudia vile ambavyo walimu wenu huviita vyanzo vya awali: barua, hati, sarafu, maandishi ya makaburini, magofu, masimulizi ya wazee, na kila kilichobaki kutoka wakati wenyewe au kutoka kwa watu waliokuwa karibu nao. Kitabu cha kiada hakimo katika orodha hiyo. Mwandishi wake amekuja baadaye kutueleza kesi ilivyokwenda. Huenda akawa mkweli na hodari, lakini siku ya tukio hakuwapo.

Mada hii nimeichagua kwa sababu ya ubishi ninaousikia kila mara, kwa vijana na kwa wazee wenzangu barazani, juu ya asili ya watu wa pwani. Mmoja anasema miji yote ya mawe ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo. Mwenziwe anajibu kwamba habari za Washirazi ni hadithi za kujikweza, hakuna mgeni aliyechanganya damu na mtu yeyote. Kila mmoja ana karatasi mkononi, na karatasi zote mbili ni za kweli kwa maana ya kwamba zipo. Kinachokosekana ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeiuliza karatasi yake swali.

Ndugu zangu, jambo hili lina madhara. Wapo waandishi wa wakati wa ukoloni waliotumia hadithi ya Washirazi kueleza kwamba Mwafrika hakujenga kitu, na mtoto aliyefundishwa hivyo alikua akiamini kwamba babu zake walikuwa watazamaji tu katika nchi yao. Baada ya uhuru wengine wakageuza mkeka, wakaitupa hadithi nzima, na jirani aliyejiita Mshirazi akaonekana ama mwongo ama mgeni. Mambo haya huanza darasani, lakini hayaishii darasani.

Basi twendeni Kilwa Kisiwani, tukawasikilize mashahidi mmoja mmoja.

Msafiri

Wa kwanza ni Ibn Battuta, mtu wa Tangier. Alifika Kilwa mwaka 1331, akitokea Mogadishu na kupitia Mombasa. Anaeleza kwamba wengi wa wenyeji walikuwa watu weusi wenye chale usoni. Anausifu mji kwa uzuri wake. Anamsifu zaidi sultani, Hasan, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake.

Shahidi huyu ni mzuri kwa sababu alifika mwenyewe. Lakini tumhoji. Aliandika lini? Habari za safari zake alizisimulia alipokwisha kurudi Morocco, zikaandikwa na mwanachuoni Ibn Juzayy kwa amri ya sultani wa huko, na kazi ikamalizika mwaka 1355. Kati ya kuona na kuandika ilikwisha pita miaka 24. Je, mwanafunzi wa zamani aliyekaa hapa anaweza kunitajia leo chakula alichokula shuleni miaka 24 iliyopita? Anaweza, maana kilikuwa kile kile kila siku. Lakini akumbuke majina, idadi na umbali? Hapo tuwe na hadhari.

Tuulize tena: alimsimulia nani? Alimsimulia mfalme. Naye mwenyewe alikuwa mwanasheria msafiri, ambaye mara nyingi aliishi kwa zawadi za watawala. Mtu wa namna hiyo akikusifia ukarimu wa sultani fulani, yawezekana anasema kweli tupu, na yawezekana pia anamkumbusha mfalme aliye mbele yake wajibu wake. Tena, si kila alilolisema alilishuhudia. Habari za Sofala, kwa mfano, anasema aliambiwa na mfanyabiashara. Kwa hiyo katika ukurasa ule ule mmetiwa aliyoyaona na aliyoyasikia. Kijana anayesoma hati bila kutenganisha mambo haya mawili ni kama hakimu anayepokea uvumi wa sokoni pamoja na kiapo.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Katika tafsiri zinazojulikana sana, Ibn Battuta anasema nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao. Lakini sisi tuliofika Kilwa tumeona mawe: Msikiti Mkuu, na jumba la Husuni Kubwa juu ya genge la bahari. Nani mwongo? Nadhani hakuna. Mbao na udongo huoza, mawe hubaki. Mtu wa leo huona magofu ya matajiri na ibada, akafikiri ndiyo mji mzima. Msafiri alipita katika vichochoro vya watu wa kawaida, ambao nyumba zao hazikuacha ukuta hata mmoja. Kumbukeni basi kwamba hata jiwe lina upendeleo wake: humkumbuka aliyekuwa na uwezo wa kulinunua.

Mawe na sarafu

Shahidi wa pili hana mdomo. Kuanzia mwaka 1960 mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alichimbua Kilwa kwa miaka kadhaa, na mwaka 1974 akatoa ripoti yake katika majuzuu mawili. Huko Husuni Kubwa lilipatikana jiwe lenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Zilipatikana pia sarafu zenye jina lake. Sarafu yake moja ya shaba imepatikana mbali sana, Great Zimbabwe, nchi ya dhahabu iliyokuwa ikipita Sofala.

Tazameni jinsi kesi inavyoimarika. Msafiri alimtaja Sultani Hasan. Jiwe la Husuni Kubwa linamtaja al-Hasan. Sarafu inamtaja, na mahali ilipookotwa panatuonyesha njia ya utajiri wake. Mashahidi watatu wasiojuana, ambao hawakukaa pamoja kupatana maneno, wanakutana kwenye jina moja. Hivyo ndivyo ushahidi unavyopata nguvu. Hati kumi zilizonakiliwa kutoka hati moja bado ni shahidi mmoja.

Lakini sarafu nayo ina mipaka. Sarafu nyingi za shaba za Kilwa zina jina la Ali bin al-Hasan, ambaye tarikhi ya mji inamtaja mwanzoni mwa ukoo wa Washirazi. Jina lipo, mwaka haupo. Chittick, kwa kutazama matabaka ya udongo zilimokutwa, alikisia kwamba ukoo huo ulianza kutawala mwishoni mwa karne ya 12. Hoja yake ilikuwa nzuri, na vitabu vingi vikaifuata.

Kisha mwaka 1984, katika kisiwa cha Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, iligunduliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha. Miongoni mwake zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari za dhahabu kutoka ng'ambo ambazo, tofauti na zetu, zimeandikwa mwaka. Dinari ya mwisho kati ya hizo ni ya mwaka 1066. Kutokana na hazina hiyo wataalamu wengi wamemrudisha Ali bin al-Hasan nyuma hadi karne ya 11, zaidi ya miaka 100 kabla ya makisio ya kwanza.

Nawaambieni habari hii ili muone kwamba historia hubadilika bila mtu yeyote kusema uongo. Chittick aliwahoji mashahidi aliokuwa nao. Alikuja shahidi mpya, hukumu ikasahihishwa. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini kitabu cha zamani na kitabu kipya havipatani, jibu langu ni: tazama kila mmoja alikuwa na ushahidi gani mezani.

Tarikhi ya mji

Sasa tufike kwa shahidi anayegombaniwa, yaani Tarikhi ya Kilwa. Iko katika sura mbili. Moja ni ya Kiarabu, imeandikwa na mtu asiyejitaja jina, anayesema alizaliwa mwaka unaolingana na 1499. Nakala tuliyo nayo ni ya mwaka 1877, nayo iko London, baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kumpa balozi John Kirk. Ya pili ni ya Kireno. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, na mwandishi wao João de Barros akaingiza habari za wafalme wa Kilwa katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552.

Sura ya Kiarabu inasema mfalme wa Shiraz na wanawe sita walisafiri kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mji wake. Sura ya Barros inasema alikuwa Ali, mtoto aliyedharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, akaondoka Hormuz kutafuta pake. Zote mbili zinasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Majina ya wafalme na hesabu ya miaka yao hayalingani.

Tumhoji basi mwandishi wetu wa Kiarabu. Alikuwapo Washirazi walipofika? Hakuwapo, alizaliwa miaka mia nne au zaidi baada ya hapo. Kwa hiyo juu ya mwanzo wa mji yeye si shahidi wa macho, ni msimulizi wa yale yaliyosimuliwa. Lakini msiharakishe kumtoa nje ya mahakama! Juu ya watu wa Kilwa wa karne ya 16, walichokiamini, walichokiogopa na walichokidai, yeye ni shahidi wa daraja la kwanza. Mji ulikuwa umetekwa. Watawala walikuwa wamegombania kiti. Katika hali kama hiyo nasaba ni hati ya kudai ufalme, na ndiyo maana imeandikwa kwa uangalifu mkubwa upande wa akina baba.

Chukueni kile kisa cha nguo. Hadithi inasema mwenye kisiwa alitaka nguo za kukizunguka kisiwa chote, akapewa. Mwanafunzi mvivu atasema, huu ni upuuzi, nguo za kuzunguka kisiwa zitatoka wapi? Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini walihadithia hivi? Kwanza, kisa kinadai kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa ridhaa, hakikunyang'anywa, na hilo ni dai la haki. Pili, kinakiri kwamba mahali pale palikuwa na mwenyewe kabla ya mgeni. Tatu, kinatuambia ni bidhaa gani iliyokuwa na thamani mbele ya watu wa bara na pwani: nguo. Msimulizi hakukusudia kutufundisha biashara, lakini ametufundisha. Yale ambayo shahidi anayasema bila kukusudia mara nyingi ndiyo ya kuaminika zaidi, maana hakupata sababu ya kuyapamba.

Na kweli, wachimbuaji walikuta chini kabisa ya mji, chini ya mawe na sarafu, matabaka ya makazi ya nyumba za miti na udongo, pamoja na vyungu vya kienyeji. Kilwa ilikuwa na watu wake kabla ya kuwa na wafalme wa kutajwa.

Mifupa na masimulizi

Shahidi wa mwisho amefika juzi tu. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa ikiwamo. Matokeo yake yaliwatikisa wabishi wa pande zote mbili. Kwa wengi wa watu wa miji ile, sehemu kubwa ya asili yao, mara nyingi zaidi ya nusu, ilitokana na Waafrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu nyingine kubwa ilitokana na watu wa Asia, na hao walikuwa zaidi Waajemi, hasa kwa upande wa akina baba. Kuchanganyika huko kulikuwa kumeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Baadaye, baada ya mwaka 1500, asili ya Kiarabu ikaongezeka.

Basi mwandishi wa tarikhi hakutunga Waajemi kutoka hewani. Alikuwa na sehemu ya kweli. Alichokiacha ni akina mama. Na hapo ndipo masimulizi ya wazee yanapopata heshima yake. Katika masimulizi ya Kilwa yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, mwenye kisiwa anatajwa kwa jina, mzee Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake. Kwa miaka mingi wasomi walipita juu ya maneno hayo kama mapambo ya hadithi. Leo mifupa yenyewe inaelekea upande wa binti wa Mrimba, kwa maana kwamba ndoa za namna hiyo ndizo zilizouzaa mji.

Hata hivyo, msiiache mifupa ipite bila kuhojiwa. Ni nani aliyezikwa karibu na msikiti, katika kaburi la mawe? Kwa kawaida ni mtu wa cheo. Mvuvi na mkulima wa viungani hawakuzikwa hapo, nao hawakupimwa. Tena mfupa hautuambii marehemu alisema lugha gani, wala alijiita nani. Kiswahili, lugha ninayowahutubia kwayo, ni cha ukoo wa lugha za Kibantu, na habari hiyo haimo katika mfupa. Imo katika lugha yenyewe, ambayo nayo ni shahidi.

Maswali ya kubeba

Vijana, mkitoka hapa chukueni maswali haya matano, myaandike ndani ya jalada la daftari.

Kwanza, ni nani aliyetoa ushahidi huu, na alikuwapo?

Pili, ulitolewa lini, na tangu tukio ulipita muda gani?

Tatu, ulitolewa kwa ajili ya nani, na mtoaji alitaka kupata nini?

Nne, ni nani asiyesikika ndani yake?

Tano, kuna shahidi mwingine, asiyetegemea huyu, anayekubaliana naye au kumpinga?

Maswali haya hayafanyi kazi Kilwa tu. Yatumieni kwa ripoti ya gavana, kwa hotuba ya kiongozi, kwa picha inayosambazwa kwenye simu zenu, hata kwa mzee wenu huyu anayesema sasa. Wala msidhani kwamba kuhoji ni kukosa adabu. Katika mahakama, shahidi anayehojiwa vizuri ndiye anayeheshimiwa, kwa sababu maneno yake yamechukuliwa kwa uzito. Anayedharauliwa ni yule anayeaminiwa au kukataliwa kwa kutazamwa uso tu.

Na nyinyi wenzangu, nina ombi moja kwenu. Mwandishi wa Kilwa tunaye kwa sababu mtu fulani, miaka mia tatu na zaidi baada yake, alikaa akanakili tena karatasi zake. Lau asingefanya hivyo, tungebaki na maneno ya Mreno peke yake. Majumbani mwetu zimo barua za wazazi, vyeti, risiti za kodi, picha za darasa, madaftari ya vyama vya ushirika na ya timu za mpira. Katika shule moja niliyopata kufundisha, madaftari ya mahudhurio ya miaka mingi yalichomwa moto siku moja ili kupata nafasi ya kuweka majembe. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini kijana atakayetaka kujua watoto gani walisoma pale, na wangapi waliacha shule mwaka wa njaa, hatapata wa kumwuliza.

Basi kabla ya mkutano wetu ujao, kila mmoja aje na kitu kimoja. Ikiwa ni picha, aandike nyuma kwa penseli majina ya waliomo, mahali na mwaka. Ikiwa ni barua, asiisahihishe hata kama imeandikwa vibaya, maana makosa nayo ni ushahidi. Mwalimu Mkuu ameniahidi kabati lenye kufuli katika maktaba. Na wanafunzi wa kidato cha tatu watakuja kwetu na madaftari kutuhoji juu ya maisha yetu hapa. Tuwajibu kweli. Palipo na aibu tusipapake rangi, na tusilojua tuseme hatujui. Wakisikia wawili wetu tukipingana juu ya jambo moja, wasifute maneno ya yeyote. Waandike yote mawili, na majina yetu mbele yake.

Ndugu Mwenyekiti, nusu yangu ya saa imekwisha, na harufu ya pilau ni ushahidi ambao hauhitaji kuhojiwa.